Kinanda Kilichonitapisha

Nitasema mapema ili tusipotezeane muda: muziki wa vyombo unanitia kinyaa. Sijidai. Kuna watu husema muziki wa siku hizi hawaupendi, halafu ukichungulia chini ya meza unaona mguu unatikisika. Mimi ukinipigia gitaa, tumbo linapanda. Ukinipigia filimbi, linapanda vile vile. Tarumbeta, zeze, kinanda, vyote vimekuwa sauti moja tu, ya sufuria ya ugali iliyoungua ikikwanguliwa kwa kijiko cha chuma karibu kabisa na sikio langu, na huyo anayekwangua hana haraka ya kumaliza.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa letu hapa mtaa wa Kiwanjani. Nilikipiga tangu nikiwa msichana, wachungaji wakija na kuhamishwa, mimi nikibaki pale pale. Kazi ya kunilisha ilikuwa kutoa vitunguu na nyanya Kinna na kuviuza sokoni Isiolo, lakini hakuna aliyeniita Mama Vitunguu. Waliniita Mama Kinanda, hata Waislamu wa sokoni ambao hawajawahi kukanyaga kanisani kwetu.

Nina binti mmoja. Baba yake alienda Nairobi kutafuta maisha na nadhani aliyapata, maana hakurudi kutuambia. Huyo mtoto nilimlea nikiwa nyuma ya kinanda. Mazoezi ya kwaya yakichelewa, alilala juu ya leso karibu na miguu yangu. Alipokuwa mdogo nilimwahidi jambo moja, kwamba siku atakayoolewa, atakayemwingiza kanisani kwa muziki ni mimi, si mtu wa kukodishwa. Alipopata mchumba, kijana mzuri tu, fundi wa stima, mtoto wa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, hakuanza na habari za gauni wala keki. Aliniambia, "Mama, anza mazoezi."

Halafu nikapanda ile pikapu.

Tulikuwa tunatoka Kinna na mzigo. Kiti cha mbele dereva alimpa shemeji yake, kijana mzima mwenye nguvu zake, na mimi mama wa watu nikaketishwa juu ya magunia ya vitunguu. Huko njiani punda akaamua kusimama katikati ya barabara, dereva akakata usukani, nami nikaruka. Wanasema nilitua kwa kichwa. Mimi nakumbuka harufu ya vitunguu vilivyopondeka tu, na baada ya hapo nakumbuka dari ya hospitali.

Nilikuwa Meru, kichwa kimefungwa bandeji, binti yangu ameketi kando ya kitanda. Simu ya mgonjwa wa pili ikalia.

"Nani huyo anakwangua sufuria wodini?" nikauliza.

"Mama, hiyo ni simu. Ni wimbo umelia."

"Wimbo gani wa namna hiyo? Mwambie azime, nitatapika."

Kabla hajainuka nikawa nimeshatapika, kwenye shuka safi la hospitali na kwenye sketi yake. Tukasingizia dawa. Lakini dawa zikabadilishwa, na kila simu ilipolia, kila mfanyakazi alipopita na redio yake, ilikuwa sufuria ile ile na kijiko kile kile. Mwisho daktari akaja na picha ya kichwa changu. Alikuwa msichana mdogo, akanieleza kwa Kiswahili cha polepole kama anayesema na mtoto wa nasari, jambo lililoniudhi, ila nilimwelewa. Masikio yangu ni mazima. Nitasikia mlango, nitasikia mtu akininong'onezea, nitasikia mvua kwenye mabati kama zamani. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo, upande wa kulia, ambayo inapokea sauti za vyombo na kuzipanga, inayokuambia hii ni filimbi na hili ni gitaa, na kukufanya uone utamu wake. Mapigo ya wimbo bado nitayatambua, alinipigia meza kwa kidole kunijaribu na nikayatambua. Utamu ndio huenda ukarudi, na huenda usirudi.

"Ni jambo la nadra sana, mama," akasema. "Pole."

Nadra! Vichwa vyote vya Isiolo vilivyojaa upuzi vimeachwa, kikatafutwa changu.

Nyumbani ndipo nilipojua mateso. Mtu hajui mji una muziki kiasi gani mpaka umtapishe. Duka la simu limeweka spika nje, kubwa kuliko duka lenyewe. Kinyozi anataka mji mzima ujue ananyoa. Gari la matangazo linapita likitangaza sabuni, na sabuni nayo ina wimbo. Nilikuwa natembea sokoni nimebana pua, wakati pua haikuwa na kosa. Nilikonda. Nilikuwa nikinunua nyama, kinyozi anafungulia redio yake, narudi nyumbani naiangalia ile nyama na kuona ni kama imelowa ile sauti. Nikampa mbwa wa jirani.

Aliyenielewa bila kuelezwa sana alikuwa mwanamke mmoja Mborana ambaye meza yake ya maziwa ya ngamia ilikuwa kando ya meza yangu. Huyo mdomo wake hauna pazia.

"Salaam aleikum, Mama Kinanda. Uso yako leo iko namna gani hiyo?"

"Aleikum salaam. Nimetapishwa na kinyozi."

"Kinyozi! Na hata nywele hajakugusa." Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanimiminia maziwa kwenye kikombe. "Kunywa. Kuja kwangu mchana ukae. Kwetu hakuna kinanda, kuna mbuzi tu na watoto."

Nikawa naenda. Nyumbani kwake kulikuwa na kelele za kutosha, watoto wanagombana, mbuzi wanalia, wanawake wanacheka, na zote nilizisikia kama zilivyo, kelele safi ya Mungu. Mchana adhana ikitoka, ilikuwa mtu anaita kwa mdomo wake mtupu, na tumbo langu likatulia. Mtu akiimba kwa mdomo nilisikia maneno yote, na wimbo wenyewe kidogo, umepooza lakini haunuki. Nilijikuta naingoja adhana kwa hamu, mimi wa kwaya.

Lakini Jumapili ni Jumapili. Nilipopata nguvu nilienda kanisani, na watu wakanipigia makofi, "Bwana asifiwe, Mama Kinanda amerudi!" Wakati nikiwa hospitalini walikuwa wamenunua kinanda kipya, kirefu, cheusi, chenye taa nyingi, na kijana mmoja wa kwaya alikuwa anakipiga. Aliponiona akainuka kwa heshima aniachie kiti. Nikamwambia apige tu, bado kichwa kinauma. Akapiga. Uwii! Spika mbili za ukutani, na sufuria kila upande. Nilivumilia mpaka kidole gumba cha mguu kikajikunja ndani ya kiatu. Kisha nikatoka mbio nimeziba mdomo, mbele ya watu wote, katikati ya wimbo wa sifa, na nikamaliza shida yangu kwenye ukuta wa choo.

Jumapili iliyofuata, vile vile. Ile iliyofuata nilibaki nyumbani, na ndipo maneno yakaanza.

Mwenyekiti wa akina mama, mama wa yule kijana mchumba wa binti yangu, alinitembelea na wenzake. Mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kukemea hata akiomba chumvi. Nikawapikia chai. Akainywa yote, akaongeza, kisha akaweka kikombe chini.

"Mama Kinanda, sisi ni watu wazima. Wewe ulikuwa unampigia Mungu kinanda. Leo ukikisikia unatapika. Mtu akichukia chombo cha sifa, ni kwamba ndani yake kuna kitu kinakichukia."

"Ndani yangu kuna ubongo ulioumia," nikasema. "Daktari ana picha."

"Picha ya daktari haionyeshi mambo ya kiroho."

"Nimeanguka kutoka kwenye gari, mwenyekiti. Kwa kichwa."

"Na ni nani alimsimamisha yule punda barabarani?" akauliza, na wenzake wakaitikia, "Eeeh," kama waliopewa ufunuo. Nilitaka kumwambia kwamba punda wa huku hawahitaji kusimamishwa na mtu. Lakini akaendelea, na sasa alikuwa ameshusha sauti. "Mimi kijana wangu sina wa kubadilisha. Siwezi kumpeleka akaoe kwenye nyumba yenye kitu. Tukuombee kwanza, kitoke. Kikitoka, harusi iko. Kisipotoka, hakuna harusi."

Binti yangu alikuwa mlangoni amebeba sahani ya mandazi. Alisikia yote. Aliiweka ile sahani mezani kwa adabu, akarudi jikoni, na nikasikia maji ya ndoo yakimwagwa na kumwagwa, kama anayeosha vyombo ambavyo tayari vimeoshwa.

Nilipomweleza mwenye maziwa, hakucheka.

"Kichwa yako iligongwa na barabara, si shetani," akasema. "Shetani ako na kazi mingi. Awache kazi yake yote akuje kukaa na wewe kwa vitunguu? Wallahi usikubali."

"Na mtoto?"

Akafuta kifuniko cha mtungi wake. Yeye pia alikuwa na mabinti. Nikajua nimeshakubali.

Sasa wasiojua makanisa yetu wanisikilize. Kwetu hakuna ombi linaloombwa likiwa tupu. Mchungaji hafumbi macho kabla hajamtupia mpiga kinanda jicho. Akiinua kidole, unapanda. Akishusha kiganja, unateremka. Nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote na najua mahali hasa ambapo watu huanza kulia, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nawafikisha hapo. Machozi mengi yaliyosemwa ni ya Roho yalitoka kwenye vidole vyangu. Kwa hiyo waliposema wataniombea kwa sababu kinanda kinanitapisha, hakuna hata mmoja, kuanzia mchungaji, aliyefikiri kwamba siku hiyo kizimwe. Niliwaomba. Mchungaji akanitazama kwa huruma na kuniambia anayeomba kizimwe si mimi, ni hicho kilicho ndani yangu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la Isiolo lile, na kanisa ni la mabati. Wakaniweka kwenye kiti katikati, chini kabisa ya spika. Mwenyekiti akanimwagia mafuta kichwani, juu ya kovu ambalo lilikuwa bado bichi, akalisugua kwa kiganja chake kinene chenye jasho. Wengine wakanishika mabega, mgongo, magoti. Wakaanza kukemea wote kwa pamoja. Mate yalininyeshea usoni. Yupo aliyekuwa amekula omena, na alikuwa ndiye aliyenikaribia zaidi. Mafuta yakateremka mpaka kwenye jicho, yakaendelea mpaka mdomoni, na yalikuwa ya kupikia, yale yale ya chapati. Juu ya yote hayo kijana wa kwaya anapiga kinanda, na mchungaji ameinua kidole, panda, panda, panda.

"Shindwa!" mwenyekiti akapiga kelele sikioni mwangu. "Toka!"

Nikatapika. Sikutapika kidogo. Nilitapika kama mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, kwenye viatu vya mchungaji, kwenye pindo la gauni la mwenyekiti, kwenye miguu ya yule wa omena. Badala ya kuruka nyuma, wakashangilia! Wakarukaruka humo humo ndani yake. "Limetoka! Limetoka!" Mama mmoja akainama kabisa, akachungulia sakafuni, akawaonyesha wenzake kitu. "Lioneni! Jeusi!" Wakaja kuliona mmoja mmoja, wameshika sketi. Ilikuwa ndengu ya asubuhi. Nilijionea haya na nikawaonea kinyaa wote kwa pamoja, na mimi nikiwamo, mwanamke mzima nimekaa nikinuka mafuta ya chapati watu wakishangilia ndengu yangu.

"Unasikiaje sasa?" mchungaji akaniuliza. Kinanda kilikuwa bado kinakwangua.

Nikainua kichwa niwaambie waende zao. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefunga mikono kifuani, akiniangalia, na midomo yake ilikuwa inaenda, anaomba. Si kwamba aliamini mambo ya pepo, mtoto wangu ana akili. Alikuwa anaomba tu jambo hili liishe aolewe.

"Nimepona," nikasema.

Vigelegele vilipigwa mpaka mabati yakatetemeka. Mwenyekiti alinikumbatia na uchafu wangu wote, na lazima niseme ukweli, alilia machozi ya kweli. Halafu akanishika mashavu. "Basi siku ya harusi utapiga wewe mwenyewe. Watu wote waone." Nikamwambia sawa.

Nyumbani binti yangu alinichemshia maji ya kuoga, akanisugua mgongo kama nilivyokuwa nikimsugua yeye.

"Mama, umepona kweli?"

"Hukusikia nikisema?"

"Nilisikia. Ndiyo nauliza." Akanimwagia maji. "Kama hujapona, usipige. Nitaingia bila muziki."

"Uingie bila muziki halafu mama mkwe wako aseme nini? Wewe olewa. Habari za tumbo langu niachie mimi."

Alinifunika taulo, akakaa pale akishika pembe yake muda mrefu.

Mazoezi niliyakwepa yote. Leo mguu, kesho nyanya zinaoza, keshokutwa kichwa. Niliwaambia vidole vyangu havisahau, na hilo lilikuwa kweli. Mezani jikoni nilipiga wimbo wa kuingia mara nyingi sana, vidole juu ya mbao, na mapigo yake nilikuwa nayo yote kichwani, pam, pa-pam, pam, ila utamu wake sikuweza kuukumbuka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniliza, peke yangu na meza yangu.

Siku ya harusi nilivaa vizuri. Kabla ya kufunga kilemba niliziba masikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, nikaisukuma ndani mpaka ikauma. Kilemba kikafunika. Asubuhi hiyo sikula kitu, ili hata tumbo likiasi lisiwe na cha kutoa. Kaka yangu alikuwa amekuja na lori kutoka Merti, ambako ana duka, amshike mkono mpwa wake na kumwingiza badala ya baba yake. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nikakaa kwenye kile kinanda cheusi, nimetazama madhabahu, mlango na watu wote wako nyuma yangu. Nikabonyeza namba yangu, ile ya sauti ya piano niliyokuwa nikiitumia miaka yote kwenye kinanda cha zamani. Sikufikiria kwamba kinanda kingine kinaweza kuwa na mpango mwingine. Mchungaji akanitupia jicho, akainua kidole.

Nikapiga kwa mikono yote miwili.

Kupitia ile pamba nilisikia vishindo tu, pu, pu, pu, mbali, kama mtu anatwanga nyumba ya pili. Nikamshukuru Mungu. Tangu nianguke, kila kilichotoka kwenye kinanda kilikuwa uchafu, kwa hiyo vishindo havikunishangaza. Nilidhani ndio uchafu wenyewe, umepunguzwa na pamba. Nikaendelea. Mchungaji akapiga magoti nyuma ya mimbari. Kisha akalala kabisa. Kwaya yote ikashuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka sikuona kichwa. Nikasema moyoni, leo kweli Roho ameshuka, na nikakaza mikono.

Kumbe kinanda kile kipya, kwenye namba ile, kilikuwa kimewekewa sauti ya bunduki.

Mgeni anaweza kucheka. Mtu wa Isiolo akisikia mlio ule haulizi ni nani wala ni kwa nini, analala chini, na aliye na mtoto anamlalia juu. Kaka yangu ameshaona wezi wa mifugo wenye bunduki kwa macho yake huko Merti, na aliniambia baadaye kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala. Mimi nilikuwa nawapigia risasi kwa spika za harusi, ubeti mzima, na nilikuwa naelekea wa pili.

Kilichonigeuza ni mkono wa yule kijana wa kwaya, ametambaa kwa tumbo mpaka kwenye kinanda, anavuta pindo la gauni langu huku anaonyesha waya wa kinanda. Nikageuka nimuulize ana wazimu gani. Ndipo nikaona kanisa. Viti vilikuwa vitupu. Sakafu ilikuwa imejaa migongo, kofia, suti mpya zimelala vumbini, watoto chini ya mama zao. Na katikati, kwenye njia, binti yangu alikuwa anakuja. Peke yake, na gauni lake jeupe, amenyoosha shingo. Mikono yangu ilikuwa bado inapiga, na kila mlio ulipotoka, mguu wake ulitua.

Nikaacha. Nikang'oa kilemba na pamba za masikio. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Mwenyekiti alitokea kati ya viti, kofia imeangukia sikioni. "Nilisema!" akapiga kelele. Hakuwa amesema, lakini akasema alisema. "Halijatoka! Amepiga bunduki nyumbani mwa Mungu! Pepo halijatoka!"

Watu wakaanza kuinuka, wanajipangusa, wananitazama. Mchungaji alichungulia kutoka nyuma ya mimbari. Nilikaa pale na pamba zangu mkononi. Harusi ya mtoto wangu nilikuwa nimeiua mwenyewe.

"Mama hana pepo," binti yangu akasema. Hakupaza sauti, na kila mtu alisikia. "Alianguka akaumia kichwa. Aliwaambia. Na mimi nilikuwa najua, nikanyamaza, nikawaacha mumfanyie yale mambo, kwa sababu nilitaka kuolewa." Akamgeukia mwenyekiti. "Kama mnataka mtu ambaye mama yake anapenda kinanda, semeni sasa hivi. Gauni nimevaa, lakini hata kuvua naweza."

Kijana wake alikuwa ametoka chini ya benchi la mbele, magoti yamejaa vumbi. Nilimwangalia, kwa maana sasa yote yalikuwa kwake. Alimwendea mama yake, akamnyooshea ile kofia taratibu, akamwambia, "Mama, keti." Mwenyekiti alifungua mdomo. Kisha akaketi.

Binti yangu akanitazama.

"Na wewe mbona umeacha? Bado sijafika."

"Ulikuwa unatembeaje," nikamuuliza, "na zilikuwa bunduki?"

"Ulikuwa wimbo wetu, mama. Mapigo ni yale yale."

Kwa miaka yote ile niliyopanga kumpigia, sikuwahi kufikiri kwamba mpiga kinanda hukaa ameugeuzia mlango mgongo. Ningempigia vizuri sana, watu wangelia, na nisingemwona akija. Nilikizima kile kitu. Nikainuka, nikapita katikati ya watu waliokuwa wanatafuta viatu vyao, nikamkuta pale aliposimama. Kaka yangu alikuwa bado yuko sakafuni karibu na mlango. Hakuna aliyepiga chombo, hakuna aliyeimba, nilisikia tu gauni lake likiburuta na pumzi yake ikipanda na kushuka. Nikamshika mkono, nikamfikisha.